Trekta ya ukubwa gani kwa shamba la vilima na miti? Mwongozo kamili kwa watu wa Malindi na Magarini

Mwezi wa pili ukiingia tu, watu washaanza kufikiria masika, simu yangu haitulii. Swali ni lile lile: "Nina ekari kumi huku Marafa, ninunue trekta ya hospawa ngapi?" Na mimi kabla sijajibu namuuliza, shamba lako lina mteremko kiasi gani, na kutoka mkorosho hadi mkorosho kuna mita ngapi? Hapo kimya. Manake sisi wote tumezoea kuanza na hospawa, kwa sababu ndiyo namba iliyobandikwa ubavuni mwa injini na ndiyo anayoitaja muuzaji wa kwanza. Kwa shamba la tambarare sawa, utapatia. Kwa shamba la kupanda na kushuka lenye mikorosho, miembe, minazi na vichaka katikati, ukianza na hospawa utanunua trekta kubwa isiyopita kwenye miti au nyepesi isiyopanda kilima, na zote mbili zitakuwa zimekula pesa yako.

Mimi nina ekari 14 upande huo huo wa Marafa. Juu kwenye tuta kuna minazi, katikati ya mteremko mikorosho aliyopanda marehemu baba bila mistari, chini kuna kichaka kinachoteremka mpaka kwenye mkondo wa maji ya msimu. Miaka mitatu nilikuwa nakodi trekta za hospawa 75, zile kubwa za wili mbili (zinavuta kwa magurudumu ya nyuma tu) zinazotoka kulima bonde la Sabaki. Zinalima haraka kwelikweli pale juu, lakini kila mwaka naachiwa matagaa ya mikorosho yamevunjika, na pale kwenye mwinuko magurudumu yalipozungukia bure palichimbika mitaro miwili ambayo mvua ya mwezi wa tano iliigeuza makorongo. Hayo makorongo mpaka leo napambana nayo. Ndo nikakaa chini nikaanza kupima, na haya ninayoandika hapa ni mpangilio ule ule niliofuata.

Hatua ya 1: pima mteremko, usiukadirie kwa macho

Macho yanadanganya sana kwenye mteremko, ukiwa juu unaona kama ukuta, ukiwa chini unaona kama barabara. Chukua vigingi viwili, tepu, na ule mpira wa maji mwangavu wa mafundi wa nyumba. Pigilia kigingi kimoja juu na kingine mita 10 chini yake. Jaza mpira maji, hakikisha hakuna povu la hewa ndani. Ncha moja iweke pale kigingi cha juu, maji yawe sawa na ardhi, halafu kule chini mwenzio apime kutoka ardhini hadi maji yalipotulia. Kama mteremko ni mkali na maji yanapita kimo cha mtu, pima mita 5 halafu uzidishe mara mbili.

Ukipata sentimita 50, hiyo ni asilimia 5, karibu tambarare. Mita 1 ni asilimia 10, kama digrii 6. Mita 2 ni asilimia 20, digrii 11. Mita 3 ni asilimia 30, digrii 17, na hapo ndugu yangu tunaongea mambo mengine kabisa.

Pima sehemu tano sita, na uandike ile kali kuliko zote ambayo trekta italazimika kupita. Usichukue wastani, trekta haipinduki kwa wastani, inapinduka pale mahali pamoja pabaya.

Sasa kuna kitu ambacho watu hawakihesabu. Sema unapita ubavuni mwa kilima cha digrii 11, trekta yako kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia ina mita 1.3. Gurudumu la upande wa juu likipanda kisiki cha sentimita 20 kilichofichwa na nyasi, hapo hapo umeongeza karibu digrii 9. Ghafla uko kwenye digrii 20. Na kama kwa wakati huo huo gurudumu la chini limeingia shimo la mhanga, hesabu umalizie mwenyewe. Kwa hiyo kwenye shamba la vichaka lile la digrii 11 ulichukulie kama la 20, ndiyo sababu mimi mpaka wangu wa kupita kiubavu ni asilimia 20, zaidi ya hapo napanda na kushuka wima tu au siingizi trekta kabisa, watu wanaingia na mapanga.

Hatua ya 2: pima miti

Mikorosho iliyopandwa kitaalamu inakuwa mita 12 kwa 12, minazi mita 9 kwa 9, ukisikia hivo unasema hata lori linapita. Lakini mashamba yetu mengi ni ya urithi, mti umeota pale mbegu ilipoangukia, na mkorosho matagaa yake yanashuka mpaka chini. Nafasi ya kupita ni kutoka ncha ya tagaa hadi ncha ya tagaa, shina kwa shina halikusaidii. Tembea njia zote utakazopita na tepu, tafuta ule mwanya mwembamba kuliko wote ambao huwezi kuuzunguka, halafu toa sentimita 60, yaani 30 kila upande. Kinachobaki ndiyo upana wa juu kabisa wa trekta yako pamoja na chombo cha nyuma, maana slasha, ile mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma, mara nyingi inazidi upana wa magurudumu.

Trekta ndogo ya hospawa 45 nyingi ziko kwenye mita moja na nusu hivi. Ya 75 inakaribia mita 2. Hiyo nusu mita ndiyo inayovunja matagaa.

Pima na urefu wa juu. Trekta yenye rolibaa, kile chuma kilichosimama kama fremu ya mlango nyuma ya kiti, inafika mita mbili na zaidi. Zipo zenye rolibaa ya kukunjwa, nzuri sana kupita chini ya mikorosho, ila ukitoka kwenye miti uisimamishe tena papo hapo, naomba sana jambo hili. Mtu anaikunja asubuhi anasahau mpaka jioni, na jioni ndiyo anateremka kilima akiwa na mzigo. Au kata matagaa ya chini, mkorosho ukipogolewa vizuri baada ya mavuno hauna shida.

Halafu visiki. Hesabu visiki vilivyobaki na uangalie urefu wake, kisha unapoenda kuangalia trekta lala chini kabisa uone bakuli la oili na gia liko juu ya ardhi kwa kiasi gani. Kisiki kimoja kikavu cha mvinje kinatoboa bakuli la oili. Fundi wa kuchomelea Malindi mjini anaweza kukutengenezea bamba la chuma la kukinga chini, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na injini.

Hatua ya 3: andika kazi utakazofanya kweli

Chukua karatasi. Andika kazi ya mwaka mzima na siku ngapi kila moja. Usiandike kazi unazoziota. Yangu ilitoka hivi: kufyeka chini ya mikorosho mara tatu kwa mwaka, kubeba madafu, nazi, korosho na kuni, kupeleka maji, kutayarisha kama ekari nne za mahindi na kunde, na kuchimba mashimo ya miche. Kulima kwa plau zito ilikuwa siku mbili tu kwa mwaka mzima! Na mimi nilikuwa nataka kununua trekta kwa ajili ya hizo siku mbili.

Kila kazi ina njaa yake ya nguvu. Slasha ya nyuma hesabu hospawa 5 kwa kila futi ya upana, kwa hiyo ya futi 4 inataka 20 hadi 25, ya futi 5 kama 25 hadi 35, na kama ni kichaka cha miti midogo chukua ile namba ya juu. Rotaveta, ile ya visu vinavyozunguka na kusaga udongo, ya mita 1.2 inataka 35 hadi 40. Plau la sahani mbili unaingia 45 hadi 50, la sahani tatu unaongelea 60 kwenda 75. Drili ya mashimo 25 hadi 35 inatosha. Trela nitalieleza peke yake kwa sababu hapo ndo kuna siri.

Angalia kitu kimoja hapo. Slasha, rotaveta na drili zinazungushwa na PTO, ile shafti ya nyuma inayokwenda mizunguko 540 kwa dakika. Nguvu inayofika pale ni pungufu, karibu asilimia 85 ya ile iliyoandikwa kwenye injini. Kwa hiyo trekta ya 45 inatoa kama 38 kwenye PTO. Muuzaji atakutajia ile kubwa, wewe uliza ya PTO.

Hatua ya 4: uzito ndiyo mwenye kilima

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza pesa, na mimi nilipoelewa hii hesabu niliacha kabisa kubishana habari za hospawa.

Chukua trekta ya tani 1.8, nyuma ina trela lenye mzigo, jumla trela ni tani 2. Unapanda mteremko wa asilimia 20 kwenye mchanga wetu mwekundu. Kilima chenyewe kinakuvuta nyuma kwa asilimia 20 ya uzito wote, yaani tani 3.8 mara 0.2, karibu kilo 760. Mchanga laini nao unashika magurudumu, tuseme sehemu moja kwa kumi ya uzito, kilo 380 nyingine. Jumla trekta inatakiwa ivute kilo 1,140.

Sasa injini inahitaji nguvu kiasi gani kuvuta hizo kilo kwa mwendo wa mtu anayetembea taratibu, mita moja kwa sekunde? Hospawa 15. Kumi na tano tu! Hata ukiongeza zinazopotea kwenye gia, 20 zinatosha. Injini ya 45 inacheka.

Lakini itapanda? Haipandi. Manake gurudumu linashika ardhi kwa uzito ulioko juu yake. Trekta ya fowili, yaani inayovuta kwa magurudumu yote manne, kwenye udongo mkavu ulioshikamana inaweza kuvuta kama asilimia 40 hadi 50 ya uzito wake, kwenye mchanga laini inashuka hata kwenye 30. Tani 1.8 ukiipa asilimia 40 ni kilo 720. Unataka 1,140, unazo 720, kwa hiyo magurudumu yatazunguka bure na kuchimba, na ukiweka injini ya 75 kwenye uzito ule ule yatachimba haraka zaidi basi. Yale makorongo yangu yalianza hivyo hivyo.

Sasa punguza trela liwe nusu tani na mzigo wake. Jumla tani 2.3, kilima kinavuta 460, mchanga 230, jumla 690. Inapanda, kama ardhi inashika kwa ile asilimia 40. Kwa hiyo jibu la kwanza kwenye kilima ni kubeba mara mbili tatu, jibu la pili ni kuongeza uzito, na hospawa ni jibu la mwisho kabisa.

Kuongeza uzito kuna njia rahisi, maji ndani ya tairi za nyuma. Unaegesha tairi hadi vali iwe juu kabisa saa sita, unajaza maji mpaka yafike usawa wa vali, hapo ni kama robo tatu ya tairi, juu inabaki hewa. Tairi ya 13.6-28 inachukua karibu lita 200, kwa hiyo mbili zinakupa kilo 400 zilizokaa chini kabisa, na uzito wa chini ndiyo unaozuia kupinduka. Sisi hatuna barafu, hatuhitaji dawa yoyote ya kuchanganya, maji matupu yanatosha. Ila tumia maji baridi ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya huku Magarini vina chumvi, chumvi inakula vali na rimu kimya kimya, na maji hayo hayo usiyatie kwenye rejeta pia.

Mbele weka vyuma vya uzito. Trekta ya fowili ikiwa na chombo chake nyuma inataka karibu asilimia 40 ya uzito ubaki mbele, ya wili mbili kama robo hadi theluthi. Ukipanda kilima na usukani ukauhisi mwepesi kama baiskeli, mbele kunataka kunyanyuka, simama.

Na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Mzigo wowote unaovutwa ufungwe kwenye droba, kile chuma cha chini cha kuvutia, basi. Mtu anataka kung'oa kisiki anafunga mnyororo juu kwenye toplinki, ule mkono wa juu wa kufungia vyombo, au kwenye eksili, anakanyaga mafuta, kisiki kinagoma, trekta inanyanyuka mbele na kumrudia yeye. Ikianza kunyanyuka, ndani ya kama sekunde moja imeshapita pale ambapo klachi ingekuokoa. Hakuna mtu mwenye mguu wa haraka hivyo. Jirani yetu mmoja aliokolewa na rolibaa na mkanda, alitoka na bega limeteguka tu. Yule wa zamani aliyetumia trekta isiyo na rolibaa, huko huko kwetu, tulimzika.

Hatua ya 5: umbo la trekta

Fowili kwa shamba la vilima naichukulia kama lazima, na sababu kubwa zaidi ni kushuka kuliko kupanda. Trekta nyingi breki ziko magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiteremka, uzito unakimbilia mbele, nyuma kunakuwa kwepesi, ukikanyaga breki nyuma kunateleza kama sabuni. Ukiwa umeingiza fowili, magurudumu ya mbele yamefungwa kwa gia na ya nyuma, kwa hiyo nayo yanashika breki. Basi shuka na fowili, shuka na gia ile ile ambayo ungepandia, pedali mbili za breki ziunganishwe kwa kile kipini chake, na usiguse klachi katikati ya mteremko. Loki ya difu, ile inayolazimisha magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, inasaidia ukikwama, lakini unaitumia ukienda moja kwa moja tu, ukikata kona uitoe.

Upana nao una mvutano. Rimu nyingi za nyuma unaweza kuzigeuza ndani nje ukapata upana zaidi kati ya magurudumu, na kila sentimita unayoongeza inafanya trekta isipinduke kirahisi. Lakini ukiipanua haipiti kwenye miti. Mimi nilipanua mpaka kufikia ule mwanya wangu mwembamba uliobaki kwenye tepu, nikapogoa mikorosho miwili, nikang'oa mwembe mmoja uliozeeka. Ilikuwa rahisi kuliko kuishi na trekta nyembamba kwenye kilima.

Kati ya trekta mbili za hospawa sawa, chagua iliyokaa chini. Zipo nyepesi za kiasia za mashamba ya mpunga, fowili, tani moja na kitu, zimekaa juu kidogo. Kubota L4508 ni mfano mmoja, ya 45, inapita vizuri kwenye miti lakini utaiwekea maji kwenye tairi. Zipo nzito zaidi za wili mbili kama Massey Ferguson 240 ya karibu 50, ngumu sana na kila fundi anaijua, ila kwenye kilima chenye mchanga hutaipenda. Ukiipata yenye fowili na nzito, ndo hiyo.

Tairi zichukue zile za meno marefu ya shamba. Huku kwetu miiba ya mathenge na migunga inatoboa chochote, kwa hiyo uliza tairi ina pilai (tabaka za nyuzi ndani yake) ngapi, na weka ile dawa ya kuziba pancha. Rejeta nayo inaziba kwa mbegu za nyasi ukifyeka, hakikisha wavu wake unatoka kwa mkono bila spana, maana utausafisha mara tatu kwa siku.

Hatua ya 6: sasa chagua ukubwa

Chini ya ekari 5, mteremko mkali, miti imebanana: usinunue trekta. Mashine ya kufyekea ya begani na kijana mmoja mwenye bidii zitafanya kazi zaidi. Zile trekta za kushika kwa mikono za hospawa 7 hadi 18 ni nzuri bondeni kwenye mboga, kwenye kilima zinakuburuta.

Ekari 5 hadi 10, kazi ni kufyeka na kubeba: hospawa 25 hadi 35, fowili, slasha ya futi 4.

Ekari 10 hadi 30, mteremko mpaka asilimia 20, kufyeka, kubeba, na kulima kidogo: 40 hadi 50, fowili, tani 1.5 hadi 2 pamoja na maji ya tairi. Hapa ndipo wengi wetu wa Marafa, Jilore, Kakoneni tulipo, na hapa ndipo nilipo mimi. Ukiwa na slasha ya futi 5, mwendo wa kilomita 4 kwa saa na kupoteza muda kwenye kona na miti, unafyeka karibu ekari moja kwa saa. Ekari 14 ni siku mbili.

Zaidi ya hapo, au kama shamba kubwa ni tambarare na vilima ni kipande tu, 60 hadi 75 ina maana. Ndugu zetu wa Mpeketoni na Hindi kule Lamu wengi wako kundi hili, ardhi yao imelala, wasinifuate mimi kwenye mambo ya mteremko.

Na kile kipande kinachozidi asilimia 35, kiache miti. Kwa sababu udongo unataka ulime kwa kufuata kontua, yaani kukata kilima kiubavu ili maji yasishuke na mchanga, na trekta inataka upande na kushuka wima ili isipinduke. Chini ya asilimia 20 unaweza kuwaridhisha wote wawili. Kati ya 20 na 35 fyeka wima, palilia kwa jembe la mkono, na kama lazima uvunje udongo basi tumia ripa inayochana mstari tu badala ya plau linalogeuza ardhi yote. Juu ya 35 hakuna njia ya kuwapatanisha. Mchanga mwekundu wa Magarini mnaujua, tazameni lile korongo la Nyari pale Marafa lilivyochongwa na mvua, ndo udongo wetu ukiachwa wazi.

Hatua ya 7: hesabu ya kukodi na ya dizeli

Ile kazi kubwa ya siku mbili kwa mwaka, kodi. Kodi ya mtu binafsi au uulize ofisi ya kilimo ya kaunti, lakini ulizia mapema kabla mvua haijaanza, mwezi wa nne kila mtu anataka trekta siku hiyo hiyo. Trekta yako iwe ya zile siku zingine zote.

Dizeli kadiria robo lita kwa saa kwa kila hospawa ya PTO, kidogo pungufu. Ile 45 yenye 38 kwenye PTO inakunywa kama lita 8 au 9 kwa saa ya kazi nzito. Ya 75 ni karibu 14. Zidisha na masaa yako ya mwaka na bei ya dizeli ya siku hiyo, utaona trekta kubwa inakulipisha hata ukiwa unafyeka tu nyasi.

Hatua ya 8: spea kabla ya rangi

Kabla hujapenda trekta, nenda madukani Malindi na Mombasa na orodha ya vitu vitano: filta ya oili, filta ya dizeli, sahani ya klachi, sili za eksili ya mbele, na msalaba wa shafti ya fowili. Kama havipatikani Mombasa, hiyo trekta achana nayo hata iwe bei ya bure, utasubiri spea mwezi mzima huku magugu yanapanda.

Ukinunua iliyotumika, nyingi zinatoka Uingereza, angalia kutu chini ya rangi mpya, hasa kama imeshakaa karibu na bahari. Iwashe ikiwa baridi, usikubali uikute imeshapashwa moto. Nyanyua mzigo kwa mikono ya haidroliki, ile ya nyuma inayoinua vyombo, zima injini, ngoja dakika kumi, mikono ikishuka yenyewe haraka kuna kuvuja ndani. Ingiza fowili na uzungushe kona kwenye mchanga usikilize mlio wa kukatika mbele. Pini za mikono hiyo zipime: za chini zikiwa na unene wa milimita 22 ni daraja la kwanza, 28 ni la pili, usije ukanunua plau la daraja la pili lisilokaa kwenye trekta yako.

Hatua ya 9: ijaribu kwako

Muuzaji atakupa raundi kwenye uwanja wake wenye lami. Hiyo haikuambii kitu. Mwambie unalipa mafuta ya kuileta shambani, na asiyekubali mpite. Ikifika, iwekee chombo chako nyuma na ipite mwanya wako mwembamba. Halafu ipeleke pale penye mteremko ulioupima, panda wima na trela lenye nusu tani, simama katikati, ondoka tena. Ikiondoka bila kuchimba, geuka juu, weka gia ya chini na fowili, ushuke bila kugusa klachi na usikilize kama injini peke yake inaishika. Mwambie na yule atakayekuwa anaiendesha kila siku afanye hivyo hivyo, kama ni mwanao au kijana wa kazi, maana miguu yake ndiyo itakayozifikia au isizifikie zile pedali.

Ukishalipa na ikabaki kwako, saa ya kwanza ya kazi simama ukaze nati zote za magurudumu, na baada ya saa tano ukaze tena, hasa kama umegeuza rimu, kwa sababu rimu zilizogeuzwa hulegea zikiwa bado zinajikalia.